Karani wa Mizani

Shairi hili halina mizani.
Mizani nimeiacha kazini,
imelala langoni mwa Kampuni, upande wa Bukembe,
chuma mita kumi na nane,
na wa zamu ya usiku anailinda.

Mimi ni namba elfu sita mia mbili na tisa.
Namarome ni jina la nyumbani,
la kuitiwa uji.
Mlango wa kazini hauniulizi habari za kwetu:
naugusisha kadi, unalia ti, najulikana.
Kuna raha yake, jamani, kujulikana na mlango.
Tarehe ishirini na nane haijawahi kupotea njia.
Sokoni Chwele muuza omena hunikopesha bila kuandika.
"Huyu ni wa Kampuni," huwaambia wenzake,
na neno hilo ni dhamana kuliko shamba.

Sitasema uongo. Mtoto wangu alizaliwa na tundu moyoni.
Daktari wa Eldoret alipotaja bei
nikaona ng'ombe wote wa ukoo wetu wakipita mbele yangu
mmoja mmoja, na bado hawatoshi.
Nikatoa kadi ya bima yenye nembo ya muwa,
nikatia sahihi mara tatu. Basi.
Tukarudi na mtoto, na kovu refu kama kidole changu.
Mkurugenzi aliyenilipia sijamwona.
Nasikia yuko ghorofani Nairobi,
nasikia wameshambadilisha mara mbili;
sahihi kwenye barua ni ileile, ya muhuri.
Nimshukuru nani?
Nilirudi ofisini nikaifuta vumbi mashine ya nakala.

Sasa sikia na haya.
Mwezi wa pili kinu kiliharibika.
Foleni ya trekta ikafika kwa kinyozi, ikampita kinyozi.
Muwa uliokatwa hungoja, ndiyo,
lakini hungoja ukipungua.
Siku ya sita, zamu yangu, likapanda trela la baba.
Wepukhulu mwenyewe juu ya mzigo, kofia mkononi,
utadhani chuma chetu ni kanisa.
Alikata tani tisa. Kioo kikasema sita na nusu.
Akainua macho dirishani.
Kulikuwa na kamera juu ya kichwa changu.
Kulikuwa na kidole changu juu ya kitufe,
na kovu la urefu wa kidole hicho.
"Soma tu, mama," akasema.

Nikasoma.
Nikaondoa asilimia tatu ya takataka, kanuni ni kanuni,
nikampa risiti. Akaikunja mara nne,
akaniuliza kama nimekula.

Siku hizi amepanda mahindi.
Muwa ameubakiza mistari miwili, ya wajukuu kutafuna.
Desemba Kampuni ilitugawia mwavuli na sukari kilo kumi,
sukari nikampelekea.
Akakoroga chai, akaonja, akanyamaza.
"Tamu," akasema baadaye. "Labda hii ni yangu."

Unaniambia niache?
Nelima aliacha. Ana duka la mbegu Kanduyi,
hakuna anayempigia king'ora,
hulala mchana akitaka, na deni lake likilala naye.
Kila mwisho wa mwezi hunipigia simu:
nafasi zimetangazwa?

Jumapili moja kinu kilikuwa kimezimwa, kinaoshwa.
Nilimpitisha mtoto langoni;
Chemiati mlinzi akageuka, akatazama mawingu.
Nilipanda naye mgongoni: sitini.
Chuma kile hakijui kilo moja moja,
hesabu yake ni ishirini, ishirini.
Nikamsimamisha katikati (ndio kwanza anajua kusimama)
nikakimbilia dirishani.

Sifuri.

Meno manne, tundu limezibwa,
anacheka peke yake pale katikati, sifuri.
Kisha akaanguka kitako,
akakipiga chuma kwa viganja vyote viwili,
na kioo kikashtuka, kikaruka ishirini,
kikarudi.

Risiti sikutoa.